Plickers kwa madarasa ya Arusha na Moshi: kadi za karatasi na simu moja ya mwalimu

"Mmeelewa?" "Ndiyooo, mwalimu!" Kiitikio hiki kinasikika kila siku, kuanzia shule za Unga Limited na Ngarenaro hadi zile za Kibosho na Marangu, na hakisemi lolote kuhusu nani kaelewa nini. Wanaoanza kuitikia ni wachache wa mbele, waliobaki wanadakia. Jioni andalio la somo linajazwa: "somo limeeleweka vizuri." Wiki chache baadaye mtihani wa katikati ya muhula unaonyesha mengine, na mada imeshapita.

Plickers ni programu ya simu iliyotengenezwa kuziba pengo hilo. Tuseme mapema tunachokiona: kwa darasa la wanafunzi 25 hadi 60 lenye mwalimu mwenye simu janja ya kawaida, hiki ndicho kifaa cha kwanza cha takwimu tunachokipendekeza, kabla shule haijafikiria kununua hata kompyuta moja. Kina mapungufu, na tutayataja. Ila faida yake kubwa inategemea kitu ambacho programu haiwezi kukufanyia: kutunga majibu ya makosa kwa akili ileile unayotunga jibu sahihi.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kila mwanafunzi anashika kadi yenye mchoro mweusi wa miraba, wenye namba yake. Pembeni mwa mchoro, pande zote nne, kuna herufi ndogo A, B, C na D. Mwalimu anauliza swali, mwanafunzi anazungusha kadi hadi herufi ya jibu lake ikae juu, kisha anaiinua. Mwalimu anapitisha kamera ya simu darasani taratibu, kama anayepiga video, na programu inasoma kadi nyingi kwa mkupuo. Kwenye skrini yanatokea majina na idadi ya waliochagua kila herufi. Kwa kuwa hakuna kadi mbili zenye mchoro mmoja, ni vigumu mwanafunzi kuchungulia kadi ya jirani na kujua kachagua nini. Mwanafunzi hahitaji simu wala kompyuta, na umeme ukikatika kazi inaendelea ilimradi simu ya mwalimu ina chaji.

Kuandaa kadi

Hapa ndipo wengi wanaharibu, halafu wanailaumu programu.

Mafaili ya kadi yanapatikana bure kwenye tovuti ya Plickers. Seti ya kawaida ina kadi 40, mbili kwa kila karatasi ya A4, yaani karatasi 20. Seti kubwa ina kadi 63, sawa na karatasi 32. Chukua ya 63 moja kwa moja hata kama darasa lako lina watoto 45, kwa sababu kadi zitapotea na utahitaji akiba. Steshenari ikikuchaji shilingi 200 kwa ukurasa, seti nzima ni shilingi 6,400, na seti hiyohiyo moja inatumika kwa mikondo yote unayofundisha, maana kadi ina namba tu. Namba 7 ni mtoto mmoja mkondo A, na mwingine mkondo B.

Ukituma faili steshenari kwa WhatsApp, litume kama dokumenti. Likitumwa kama picha linabanwa, kingo za miraba zinafifia. Omba liprintiwe kwa printa ya leza, kila kadi kutoka kwenye faili lenyewe. Fotokopi ya fotokopi inaleta weusi wenye mabaka, na kamera inasoma mabaka meupe kama sehemu ya mchoro. Printa ya wino wa maji nayo inatoa kadi nzuri siku ya kwanza, lakini masika yakifika na vidole vya mtoto vikiwa na unyevu, wino unasambaa.

Karatasi tupu haikai hata mwezi. Bandika kila kadi juu ya karatasi ya manila kwa gundi, ikauke chini ya uzito wa vitabu usiku kucha, ndipo ukate. Usipoweka uzito manila inajikunja, na kadi iliyojikunja haisomeki kutoka mbali. Ukikata, acha ukingo mweupe kuzunguka mchoro, angalau sentimita moja. Kamera inautambua mchoro kwa kuutofautisha na weupe ulioko nje yake. Ukikata hadi kwenye weusi, kadi itasomeka mbele ya ukuta mweupe na kukataa mbele ya sweta la bluu.

Halafu suala la laminesheni. Wengi wanakimbilia huko kwa sababu kadi inadumu. Plastiki ya kung'aa ndiyo adui mkubwa wa kadi hizi: mwanga wa dirishani ukiipiga, nusu ya mchoro inageuka doa jeupe, na kadi hiyo haisomwi hadi mtoto ainamishe mkono. Kama lazima ulaminishe, tafuta plastiki isiyong'aa. Usipoipata, bora manila.

Kitu kimoja kidogo kinaokoa muda mwingi: nyuma ya kila kadi, kwenye ukingo uleule, andika kwa penseli herufi ileile iliyoko mbele. Bila hivyo mtoto anaitazama kadi kwanza ikiwa imemwelekea yeye, anaweka jibu lake juu, kisha anaigeuza imwelekee mwalimu. Akiigeuza kama anayefungua mlango, juu inabaki juu. Akiigeuza kama anayegeuza chapati, juu inakuwa chini na programu inasoma herufi ya upande wa pili. Mtoto kajibu sawa, takwimu zinasema kakosa. Kwenye madarasa ya chini kosa hili peke yake linatosha kuvuruga matokeo yote. Herufi za nyuma zinaondoa haja ya kugeuza kabisa. Ziandike ndogo, maana aliyekaa dawati la nyuma anaweza kuziona juu ya bega.

Kabla ya swali la kwanza la kweli, fanya zoezi la majaribio: "Wote onyesheni A." Yeyote ambaye skrini inamwonyesha kwa herufi nyingine ama anageuza chapati, ama amefunika mchoro kwa vidole. Msahihishe papo hapo. Rudia kwa B na D. Dakika tano za siku ya kwanza zinatosha, na wanafunzi wa sekondari hawahitaji hata hizo.

Ndani ya darasa

Kufungua akaunti, kuingiza darasa na kuandika maswali ni rahisi zaidi kwenye kompyuta. Vitufe vyote ni vya Kiingereza, lakini majina na maswali unaandika kwa lugha yoyote. Ukibandika orodha ya majina, programu inampa kila mmoja namba ya kadi. Zifananishe namba hizo na za daftari la mahudhurio, kwa hiyo namba 12 wa daftari awe kadi namba 12. Utaugundua umuhimu wake siku kadi zikichanganyika.

Hakuna ulazima wa projekta. Swali liandike ubaoni pamoja na majibu yake manne, na kwenye programu weka kichwa kifupi tu, mfano "Desimali 3", ukitia alama kwenye herufi sahihi. Ukiwa na projekta, uwe makini usirushe ukutani orodha yenye rangi za waliokosa. Mtoto akiona jina lake limewaka jekundu mbele ya wenzake mara mbili, mara ya tatu atasubiri kuona jirani kainua nini.

Intaneti inahitajika, kwa sababu maswali yanatoka kwenye akaunti yako na majibu yanarudi huko. Bando dogo linatosha, maana hakuna video. Tatizo ni mtandao wenyewe. Shule nyingi za miteremkoni zina kona moja ya ofisi yenye mtandao mzuri na madarasa yenye mtandao wa kusuasua, kwa hiyo fungua programu, darasa na swali ukiwa kwenye kona hiyo, kabla kengele haijagonga.

Mwanga unahitaji kufikiriwa. Mwezi Julai mawingu yanaweza kuifunika Arusha asubuhi nzima, na chumba chenye nondo na vioo vyenye vumbi kinakuwa na giza ambalo jicho limezoea lakini kamera ndogo haijazoea. Fungua milango yote, na vipindi vya saa mbili asubuhi usivichague kwa majaribio ya kwanza. Usisimame mahali ambapo dirisha liko nyuma ya wanafunzi. Kamera itapima mwanga wa nje na kadi zote zitageuka vivuli. Simama ili dirisha liwe ubavuni. Kadi za mwisho zikikataa, tembea hadi katikati ya darasa na uskani nusu ya nyuma peke yake. Kiangazi nacho kina lake: vumbi jekundu linapaka weupe wa kadi hadi unakuwa kahawia, na tofauti ya rangi inapungua. Kitambaa kikavu kila Ijumaa kinatosha.

Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 na baadaye kugawiwa walimu vinaweza kufanya kazi hii. Kabla ya kuvitegemea jaribu kamera ya nyuma: weka kadi tatu kwenye madawati ya mwisho, simama ubaoni, skani. Zikisomeka zote ndani ya sekunde chache, kishikwambi kinafaa. La sivyo tumia simu, na kishikwambi kibaki cha kutazamia ripoti.

Swali lenyewe

Sasa tufike kwenye kiini. Programu inakupa herufi. Maana ya herufi hiyo unaiweka wewe siku unapotunga swali.

Chukua hisabati ya madarasa ya juu ya shule ya msingi, mada ya desimali. Swali linaloandikwa mara nyingi ni hili: ipi ni kubwa kuliko zote, A 0.4, B 0.35, C 0.125, D 0.09? Jibu ni A. Linaonekana swali zuri. Lakini kuna makundi mawili ya makosa yanayojulikana kwenye desimali. La kwanza ni la watoto wanaosoma tarakimu za baada ya nukta kama namba nzima, hivyo 125 inashinda 35 na 4. Hao watachagua C, na utawaona. La pili ni la watoto wanaoamini kwamba desimali fupi ndiyo kubwa, kwa sababu wamesikia sehemu ya kumi ni kubwa kuliko sehemu ya elfu. Hao watachagua 0.4 na watapata alama. Skrini itawahesabu pamoja na walioelewa, na mwalimu ataendelea mbele akiwa na furaha isiyo na msingi.

Badilisha namba: A 0.5, B 0.36, C 0.62, D 0.125. Jibu sasa ni C. Anayesoma kama namba nzima anakwenda D. Anayeamini fupi ndiyo kubwa anakwenda A. B haina mvuto wa kosa lolote kati ya hayo mawili, kwa hiyo anayeichagua pengine anabahatisha au hakusoma swali. Kila kipotoshi, yaani jibu la makosa lililowekwa kwa makusudi, kina anwani.

Tuseme darasa la wanafunzi 48 limetoa C 17, D 21, A 8, B 2. Asilimia 35 wamepata. Usipotazama vipotoshi utasema "hawajaelewa desimali" na kurudia somo zima kuanzia mwanzo, kwa maneno yaleyale. Ukitazama, unajua wanafunzi 21 wana kosa moja linalofanana, na lina tiba yake. Chukua rula ya ubaoni ya mita moja. Mita 0.125 ni sentimita 12 na nusu, mita 0.62 ni sentimita 62. Weka kidole kwenye alama zote mbili darasa zima likiona. Rula hiyohiyo inawahudumia wale wanane wa A, kwa sababu 0.5 inaangukia sentimita 50, chini ya 62. Dakika nne. Mbinu ya kujazia sifuri, yaani 0.500 dhidi ya 0.620, inatoa jibu sahihi haraka, lakini tunaiweka baada ya rula. Ikitangulia, mtoto anaendelea kuziona kama namba nzima, safari hii 620 na 500, na lile wazo la kwanza linabaki salama kichwani.

Wapi pa kupata vipotoshi vya namna hii? Chanzo cha kwanza ni madaftari unayosahihisha: kosa lililojirudia kwa watoto watano ni kipotoshi tayari. Chanzo cha pili hakitumiki inavyostahili. Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo na swali kwa swali, zikieleza watahiniwa walichagua nini na kwa nini walikosea. Zipo kwenye tovuti ya Baraza na kuzisoma ni bure. Mwalimu wa taaluma akizipakua na kuwagawia walimu wa kila somo, shule ina hazina ya vipotoshi vilivyopimwa kwa watoto wa nchi hii hii.

Sekondari kuna matumizi mengine ambayo hayamo kwenye maelezo ya Plickers kabisa, nayo yanatufaa sisi hasa. Mtoto wa Kidato cha Kwanza ametoka kusoma sayansi kwa Kiswahili na ghafla swali limekuja kwa Kiingereza. Akikosa, kakosa sayansi au kakosa lugha? Uliza kwa Kiingereza, skani, usiseme jibu. Futa, andika swali lilelile kwa Kiswahili, skani tena. Idadi ikipanda kidogo, usiihesabu, maana mara ya pili wamepata muda zaidi wa kufikiri. Ikiruka kutoka 15 hadi 36 kati ya 48, dhana wanayo. Wanachohitaji ni msamiati, na kipindi kinachofuata kianze na maneno matano ya mada hiyo. Isipopanda, kurudia kwa Kiswahili peke yake hakutasaidia; rudi kwenye dhana.

Namba inakuambia ufanye nini

Kubahatisha kwenye majibu manne kunampa mtu nafasi moja kati ya nne. Darasa la 48 ambalo halijui lolote linaweza kutoa majibu sahihi kama 12. Ndiyo maana asilimia 25 au 30 ni sawa na sifuri, na yafaa kulikumbuka hilo kabla ya kusema "angalau theluthi wamepata".

Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard aliyeanza mwaka 1991 kufundisha kwa maswali ya aina hii, anatumia mipaka inayofaa hata kwetu. Waliopata wakiwa chini ya asilimia 30, acha majadiliano, fundisha upya kwa njia nyingine, kwa sababu hakuna wa kutosha wanaojua wa kuwaeleza wenzao. Wakiwa zaidi ya 70, eleza kwa ufupi na songa mbele, huku ukiandika namba za waliokosa ili uwaone baadaye. Kati ya 30 na 70, usitaje jibu. Waambie wamgeukie jirani aliyechagua tofauti, wampe sababu, kwa dakika mbili au tatu. Kisha skani tena. Pitapita kati ya madawati usikilize. Sababu unazozisikia hapo ndizo vipotoshi vyako vya mwakani.

Mzunguko mzima, kusoma swali, kufikiri kimya kwa dakika moja, kuskani, kujadili na kuskani tena, unakula dakika sita hadi saba. Kwenye kipindi cha dakika 40 maswali mawili yanatosha, matatu ni ya kujitutumua. Kwa hiyo kikomo cha akaunti ya bure, maswali matano kwa kila seti ya maswali, hakimkwazi mwalimu anayeitumia Plickers inavyopaswa. Atakayekwazwa ni anayetaka kuigeuza mtihani.

Na usiigeuze mtihani. Siku wanafunzi wakijua kwamba kadi inaingia kwenye alama za maendeleo, wataanza kunong'onezana herufi, na takwimu zako zitakuwa safi na za uongo. Waambie waziwazi siku ya kwanza kwamba kadi haina alama, kisha timiza ahadi.

Darasa la watoto 90

Hapa Plickers inaishiwa pumzi. Kadi ni 63, basi. Shule nyingi za serikali mjini zina mikondo inayozidi hapo, na hakuna ujanja wa kumaliza tatizo hilo kabisa. Njia inayofanya kazi ni kadi moja kwa kila dawati: wanafunzi wawili au watatu wanajadili kwanza, wanakubaliana, wanainua jibu moja. Unapata majibu kama 35, na unapata mjadala bila kuuomba. Unachopoteza ni jibu la mtoto mmoja mmoja, na yule mwenye sauti kubwa ndiye anayeshika kadi. Badilisha mshikaji kila swali, kwa zamu kutoka kushoto kwenda kulia. Njia ya kugawa darasa, nusu wajibu leo na nusu kesho, hatuipendekezi. Nusu isiyo na kadi inakuwa watazamaji.

Kwa jaribio la wiki au la mwezi, chombo kinachofaa ni kingine: ZipGrade. Hicho kinasoma fomu za kupaka weusi kwenye viduara, jamaa wa fomu za OMR (zinazosahihishwa kwa mashine) ambazo Darasa la Saba wanazifahamu. Simu inapiga picha ya fomu na alama zinatoka hapohapo, hata bila intaneti. Kuna fomu za maswali 20, 50 na 100. Bila malipo unapata fomu 100 kwa mwezi, ambazo zinatosha majaribio mawili ya darasa la watoto 48, kisha inabidi ulipie. Kinachoharibu ni kona: miraba minne myeusi ya pembeni lazima yote iingie kwenye picha, kwa hiyo fotokopi iliyokata ukingo ni karatasi ya kutupa. Ripoti yake inaonyesha kila swali lilichaguliwa vipi, na somo la vipotoshi tulilolieleza hapo juu linafanya kazi vilevile. Ila majibu unayapata baada ya kipindi, si ndani yake.

Kahoot (mchezo wa maswali) na fomu za Google, ambako kila mwanafunzi anajibu kwenye kifaa chake, ni nzuri kwa shule yenye chumba cha kompyuta au vishikwambi vya wanafunzi. Kwa shule ambako mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu, na hizo ndizo nyingi, tusipoteze muda nazo.

Jambo la taarifa za watoto lisipuuzwe. Majina unayoingiza yanahifadhiwa kwenye mitambo iliyoko nje ya nchi, na tangu ilipotungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, shule ina wajibu juu ya taarifa hizo. Suluhisho halina gharama: ingiza namba ya mahudhurio peke yake, au jina la kwanza na namba. Orodha inayounganisha namba na majina kamili ibaki kwenye daftari la shule. Usipige picha ya skrini yenye majina na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp la walimu, hata kwa nia njema ya kuonyesha maendeleo.

Matokeo yanapokaa kwenye akaunti bila kuguswa hayamsaidii mtu. Yahamishie kwenye andalio la somo siku hiyohiyo, mahali pa tathmini, kwa mstari mmoja: "Desimali 3: C 17, D 21, A 8, B 2. Baada ya rula: C 39." Mthibiti ubora wa ndani akisoma hapo anajua kilichotokea, na mwalimu atakayepokea darasa hilo mwakani naye anajua.

Baada ya wiki mbili uliza tena, mwanzoni mwa kipindi cha mada nyingine kabisa, bila kuwatahadharisha. Badilisha namba na upange herufi upya, kwa sababu watoto wanakumbuka "jibu lilikuwa C" muda mrefu kuliko wanavyokumbuka sababu yake. Weka 0.7, 0.48, 0.215 na 0.83, kipotoshi cha namba nzima kikae kwenye A safari hii. Wale 21 wa D wakirudi 15 kwenye A, rula iliwapa jibu la siku moja, na desimali inahitaji kipindi kingine kwenye azimio la kazi. Wakirudi watatu, waite hao watatu kwa namba zao wakati wa mapumziko, na darasa liendelee.